Diwali Malindi: jirani yangu anataka taa mpaka kichochoroni, nimsaidie vipi?

MamaZuhura (Shella, Malindi)

Assalaam aleikum kwa wenye kuitikia, na wengine hamjambo.

Jirani yangu wa mlango wa pili ni bibi wa Kigujarati, mtaa mzima twamwita Ba. Mumewe alikuwa na duka la vitambaa, Mungu alimchukua zamani. Watoto wako Leicester, Uingereza, na Nairobi. Kila Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, mjukuu mmoja huja kumsaidia, lakini mwaka huu hakuna anayekuja. Juzi kaniita barazani kwake, kaniambia, “Mwaka huu wewe na watoto wako ndio watu wangu.” Ningekataaje? Zuhura kalelewa nusu kwangu, nusu kwake.

Sasa naomba msaada. Alinitajia mambo mengi kwa mpigo: rangoli, nyayo, taa, chumvi ya asubuhi, bhajia za njia panda. Mimi nikaitikia tu, lakini nusu sikuelewa. Halafu hataki taa za ndani pekee. Anataka taa za udongo zipangwe kichochoro chote, kuanzia mlangoni kwake mpaka barabara kubwa. Hapo kuna milango ya watu wengine, na mwishoni kuna kibanda cha makuti cha muuza madafu. Kijana wangu naye ashaanza kuulizia fataki. Na mama mkwe hana raha kabisa, anasema watoto watalishwa vitu vilivyosomewa.

Niende na nini mkononi? Nivae nini? Kwa hesabu ya Ba ni Jumapili tarehe 8 Novemba. Nijibuni mnaojua kwa kuishi nayo, si kwa kusoma.

Binti_wa_Dukani

Mama Zuhura, umepata mtu. Mimi nimezaliwa Malindi nyuma ya duka la vyombo, sufuria zikining'inia juu ya kitanda changu. Nimeolewa Mombasa, lakini Diwali narudi kwetu, na mume wangu ashazoea.

Hesabu ya Ba iko sawa. Na ukitaka kuijua Diwali bila kumuuliza mtu, angalia mwezi. Ni usiku ule wa giza tupu mwezi ukifa, kwa hivyo kwa kalenda yenu ya Kiislamu huangukia mwisho wa mwezi daima. Mwaka huu ni mwisho wa Mfungo Nane. Mwaka wa 2025 ilikuwa 20 Oktoba, sikukuu ya Mashujaa, tukawa na bendera na taa mlango mmoja. Kisheria Diwali ni siku ya mapumziko kwa Wahindu wa Kenya, ila baba yangu hakuwahi kufunga duka siku hiyo. Alifunga siku ya mwaka mpya, tena kwa shingo upande.

Diwali yenyewe ni siku kadhaa. Inaanza na Dhanteras, siku ya kununua kitu cha madini. Mwenye uwezo hununua dhahabu, sisi wa duka la vyombo tuliombea watu wote wanunue sufuria. Nenda kamnunulie Ba kijiko cha stili, atakukumbatia. Halafu Kali Chaudas, halafu usiku wa Diwali, halafu mwaka mpya wetu wa Kigujarati. Kwa kawaida mwaka mpya ni kesho yake, lakini miaka mingine inaruka siku moja katikati. Muulize Ba, lazima ana kalenda ya ukutani yenye miungu na matangazo ya duka la mtu.

Sasa bhajia za njia panda. Hili nitalikalia.

Usiku wa Kali Chaudas wanawake wa Kigujarati hukaanga vada, ndizo hizo bhajia, wakachukua chache pamoja na kopo la maji, wakaenda njia panda. Unaziweka chini, unazizungushia maji duara, unageuka na kurudi nyumbani bila kutazama nyuma. Ni kuutoa ugomvi wa nyumba, mwaka mpya usiukute ndani. Basi. Hatajwi mtu, halaaniwi adui.

Lakini hebu itazame kwa macho ya Malindi. Mwanamke mzee, usiku, giza la mwezi kufa, njia panda, chakula kinawekwa chini, maji yanamwagwa, mtu anaondoka kimya hageuki. Nani atakubali kwamba hizo ni bhajia tu? Nyanya yangu alikutwa hapo na kijana wa bodaboda. Yule kijana aligeuza pikipiki papo hapo akazunguka mbali, na asubuhi kila abiria aliyempakia alikuwa na habari kamili pamoja na chumvi yake. Nyumbani tulicheka sana. Siku hizi sicheki hivyo, maana mnajua jinsi wazee wa Kilifi wanavyosingiziwa uchawi na yanayowapata. Hilo si jambo la mzaha.

Kwa hivyo Ba asiende peke yake. Nenda naye wewe na buibui lako, mchukue na Zuhura, nendeni kabla giza halijaingia vizuri. Na kabla ya hapo, mwenye kibanda cha pale kona na vijana wa bodaboda wapelekewe sahani ya vada moto, wale wenyewe wajue ni unga wa dengu na mafuta. Mama yangu alifanya hivyo baada ya kisa cha nyanya. Mwaka uliofuata vijana ndio waliokuwa wakimuuliza, “Mama, zile za kona lini?”

Ndani ya nyumba kazi ni tamu zaidi. Usafi kwanza, na Ba atakusumbua. Kila kabati litatolewa nje. Mlangoni funga kamba ya majani ya mwembe na maua ya manjano, Malindi haina shida ya miembe. Kisha nyayo. Hizo ni nyayo za Lakshmi, mungu wetu wa kike wa mali, akiingia na baraka. Koroga unga wa mchele na maji uwe uji mzito kidogo. Kunja ngumi, chovya upande wa kidole cha mwisho, gandamiza sakafuni. Ukiinua mkono utaona wayo mdogo kama wa mtoto, hauna vidole. Vidole unaviweka kwa ncha ya kidole chako, tone tone tano. Badilisha ngumi, kulia na kushoto, kutoka kizingitini mpaka kwenye picha ya Lakshmi. Lakini zote zielekee NDANI. Watoto hupenda kuzirusha kila upande, na Ba akiona hata wayo mmoja unaotazama barabarani hatalala, atasema mali imetoka.

Rangoli, yaani michoro ya sakafuni, huchorwa hapo nje ya kizingiti. Watu hutumia unga wa rangi, maua yaliyochambuliwa, au mchele uliopakwa rangi ya chakula. Mchele usijaribu. Kuku wa Shella hawana adabu, watakula tausi mzima uliyemchora kabla jua halijazama. Sisi tulikuwa tukipaka rangi chumvi ya mawe, ile inayotoka huko Gongoni. Kuku wanaitazama tu wanapita.

Taa za udongo mpya lazima ziloweshwe majini saa kadhaa, halafu zikaushwe, la sivyo zenyewe zinakunywa mafuta na utambi unabaki mkavu. Utambi ni pamba ya famasi, isokote viganjani. Taa ya mbele ya Lakshmi iwe ya samli. Za nje hata mafuta ya nazi yanafaa, yanawaka bila moshi mwingi na kichochoro kinanukia. Mafuta ya taa usiyaguse.

Na Ba akitoa daftari jekundu jipya usishangae. Ni ibada ya daftari za hesabu, wafanyabiashara hufungua mwaka kwa daftari mpya. Juu yake huwekwa jani la tambuu, popoo na sarafu. Duka limefungwa zamani, najua, lakini nimeona wajane wanaoliweka daftari tupu kila mwaka. Kwetu siku hizi kompyuta nayo huwekwa pale, na kaka yangu aliweka simu ya M-Pesa ya dukani, ikaanza kulia katikati ya sala. Mteja alikuwa ametuma mia mbili hamsini. Mama akasema Lakshmi ameitika.

Kichochoro: ombi la Ba linawezekana, ila taa inayokaa kwenye baraza la mtu ni mgeni wa mtu huyo. Pita kila mlango mapema na sahani ya chevda, omba. Anayekataa, ruka mlango wake bila maneno. Taa zikae chini kabisa ya ukuta, upande mmoja tu. Ziwe mbali na katikati kwa sababu ya pikipiki, na kwa sababu ya mabuibui. Upindo wa buibui ukiburuta juu ya utambi hauungui polepole. Karibu na kibanda cha madafu usiweke moto wowote, tundika waya wa taa za umeme.

Sala yetu ni jua likizama, yaani kwenu ni magharibi, Malindi mwezi huo ni saa kumi na mbili na dakika chache. Taa hazina kelele, kwa hivyo adhana itapita juu yake hakuna atakayekereka.

Mkononi: matunda, tende, korosho, nazi nzima, halua. Usipeleke nyama ya aina yoyote wala samaki, na keki yenye mayai iache kwako. Ukipika, muulize kama anakula vitunguu na thomu, kuna nyumba ambazo haviingii. Vaa rangi yoyote ya furaha, ila nguo nyeusi tupu siku hiyo wazee hawaipendi. Najua buibui ni jeusi, vaa leso nzuri juu, hana neno.

Asubuhi ya mwaka mpya, alfajiri, mtume Zuhura abishe hodi na chumvi kidogo kwenye kikombe. Gujarati huwa kuna watu wanaoipitisha mitaani wakiiuza kwa kelele, na kila nyumba hununua ya kheri. Ba hajaisikia hodi hiyo miaka mingi, nakuhakikishia. Zuhura aseme “Sal Mubarak”, yaani heri ya mwaka mpya, na apokee pesa atakayopewa, asijifanye hataki.

Mwana_wa_Amu

Binti kamaliza karibu yote. Mimi naongeza ya moto na maji, kutoka Lamu.

Dada, fataki mnyime kijana wako bila kumwonea haya. Mimi kazi yangu ni nyumba za wageni upande wa Shela yetu, ya huku Lamu. Kuna mwaka walikuja wageni wa Kihindi kutoka Nairobi kufanya Diwali, watu wazuri, na mkoba wa baruti. Walipowasha ile ya kwanza ya mlio, punda wawili waliokuwa wamebeba mchanga waliingia kichochoroni kwa kasi, na mnavijua vichochoro vya Amu, watu wawili wanene hawapishani. Mzee mmoja alipanda dirishani, sijui alipandaje kwa umri ule. Mchanga wote ulimwagika. Wageni wenyewe waliona haya, wakalipa mchanga, baruti ikarudi mkobani.

Na makuti yanashika kwa cheche moja. Yakishika, upepo ndio mwenye mji. Zile taa za karatasi zinazopaa angani ni mbaya kuliko fataki, maana hujui itashukia paa la nani. Anayetaka fataki kubwa akachukue kibali na aende uwanja wazi, si mtaani.

Bahati yenu ni kwamba wakati huo ni tanga mbili. Kusi limechoka na kaskazi haijashika, taa ya udongo inaweza kukaa bila kuzimwa na upepo. Adui ni mvua ya vuli. Wekeni taa chini ya vibaraza, mwe na masinia tayari ya kuzibebea.

Kama Ba atataka pia kwenda pwani, kama wale wageni walivyotaka, hesabuni maji. Mwezi ukifa ni bamvua, maji hujaa na kupwa sana. Maji yanajaa alasiri kwenye saa kumi hivi, yanakupwa mpaka saa nne usiku. Ukipanga taa mchangani saa tisa utazifuata baharini. Subiri magharibi ipite, maji yakirudi nyuma, panga taa kwenye mchanga mgumu, utakuwa na saa kadhaa kabla hayajarudi. Halafu okoteni zote, msiache vigae vya kukata watu miguu.

Mtembezi_wa_Nguzo

Natembeza watalii Malindi, kwa hivyo niruhusuni moja. Mnajua fataki za Wahindi Malindi zimeandikwa tangu Aprili 1498? Vasco da Gama alipotia nanga hapa alikuta majahazi ya Wahindi bandarini. Daftari la safari yake lasema Wahindi hao walipiga mizinga alipopita, na usiku wakarusha fataki na kupiga makelele ya shangwe kwa heshima yake. Haikuwa Diwali, ilikuwa Aprili. Wareno wakadhani ni Wakristo wenzao! Lakini daftari hilo hilo lasema watu hao waliwaambia hawali nyama ya ng'ombe, na walikuwa na nywele ndefu za kusuka.

Na jambo la kumwambia kijana wa Mama Zuhura: imeandikwa kwamba kabla ya kurusha, waliomba ruhusa kwa mfalme wa Malindi.

Binti_wa_Dukani

Hahaha, kumbe hata wakati huo fataki zilihitaji kibali. Babu yangu alikuwa akisema majahazi ya Kutch yalingoja Diwali ipite ndipo yatweke tanga kuja huku na kaskazi. Hapo Mandvi, bandari ya Kutch huko India, mvua zimeisha, bahari imetulia, daftari mpya imefunguliwa, unaondoka.

AbuSalim

Mwanangu Mama Zuhura, mimi si mufti, ni fundi cherehani mstaafu. Ujana wangu wote nimeketi na cherehani kibarazani kwa tajiri Mhindi hapa Malindi. Nitakueleza la mama mkwe.

Diwali ikifika, tajiri yangu alitoa sinia mbili. Moja ilikuwa ya vitu vilivyowekwa mbele ya picha zao, hiyo wanaiita prasadi. Nyingine ilitoka jikoni moja kwa moja. Mwenyewe alinionyesha kwa kidole, “Hii si yako, hii yako.” Sikumuuliza, hakunieleza, tukaelewana. Ba ameishi na Waislamu umri wake wote, hilo analijua kuliko mama mkwe wako. Mwambie mapema, kwa adabu, watoto watakula cha jikoni tu. Hatakasirika hata chembe. Kwenye sala yenyewe watoto wakae barazani wachunge taa, kazi ni nyingi.

Kuhusu hukumu ya dini, nenda na mama mkwe kwa imamu wenu mkamuulize pamoja. Jibu la mtandaoni halitamtuliza, hata liwe sahihi namna gani. Lakini mzee wa peke yake jirani yako akikuomba umshike mkono, hapo sidhani utahitaji kuuliza.

Na usisahau kwamba Idi zote mbili yeye humpa Zuhura pesa. Nimekaa mitaa ya Shella, najua mambo.

MamaZuhura

Nimesoma mpaka macho yamechoka, Mungu awalipe. AbuSalim, shikamoo. Umenifunga mdomo kwa hilo la Idi, ni kweli tupu. Mama mkwe nimemsomea jibu lako, akanyamaza, kisha akauliza kama vada zitakuwa na pilipili. Nadhani huko tumepita.

Kijana amekubali kuacha fataki baada ya kisa cha punda, ila sasa anataka kwenda Lamu.

Milango yote nimeshabisha. Mmoja tu amekataa, na nilijua atakataa. Muuza madafu ndiye aliyenishangaza, kasema siku hiyo atafunga mapema na kibanda atakifunika turubai lililolowa maji.

Swali la mwisho. Ba ana taa za udongo chache sana, nyingine zina nyufa. Nimezunguka maduka, naona za plastiki zenye betri tu. Binti, mlikuwa mkizipata wapi?

Binti_wa_Dukani

Za betri weka karibu na makuti, kwingine hapana, Ba atakununia.

Za udongo zamani zilikuja na jamaa kutoka India mkobani, zikifika nusu zimevunjika. Siku hizi mimi naagiza kwa akina mama wanaouza vyungu na vyetezo sokoni. Mtu anayeweza kufinyanga chetezo, taa ni mchezo kwake. Mpelekee moja ya Ba iwe mfano. Iwe ndogo ya kutosha kiganja cha mtoto, na ukingo uminywe upande mmoja, utambi upate pa kulalia. Asiipambe, na kitako kiwe bapa, maana taa inayoyumba inamwaga mafuta ukutani na mwenye nyumba atakuja kwako, si kwa mfinyanzi.

Agiza zaidi ya unazohitaji, kuna zitakazopasuka wakati wa kuchomwa. Na mpe kazi wiki hii, umwachie arbuni. Vuli ikianza udongo haukauki, na atakwambia “kesho, mama” mpaka Diwali ipite.